Unatafuta CD ya hits za wasanii tofauti Nairobi? Nimezipanga hapa, ya kwanza hadi ya mwisho

Desemba ikikaribia kila mtu anataka ngoma za safari ya ushago ama za sherehe ya nyumbani, pale ambapo kuna watoto wa shule, kuna anti na kuna guka na wote wanataka kusikia kitu wanakijua. Albamu ya msanii mmoja haiwezi hiyo kazi. Inataka ile ya hits za wasanii mbalimbali, lakini ukiingia mtaani kuitafuta utauziwa vitu tofauti kabisa kwa jina hilo hilo la hits. Mimi kipimo changu ni kimoja: wimbo uwe mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, na anayeimba awe ni yule mwenyewe aliyeufanya ukavuma.

Kwa hicho kipimo, ya kwanza ni CD orijino ya mtumba. Najua mtasema CD ziliisha, lakini hebu angalieni magari yenu. Gari nyingi za kutoka Japani zinakuja na radio yenye tundu la CD, FM yake inaishia 90 hivi na stesheni zetu zinapanda hadi 108, kwa hivyo bila ekspanda, kile kifaa cha kuifanya radio ishike stesheni za juu, unabaki na stesheni chache tu, na zile za miaka ya nyuma hata bluutuu hazina. CD inaingia na inacheza, basi. Tafuta ile series ya Now That's What I Call Music, albamu za hits zinazotoka kwa namba. Ilianza Uingereza 1983, Virgin na EMI wakishirikiana, na juu zinatolewa na kampuni zenye nyimbo zenyewe, unapata rekodi halisi, si watu wa studio wanaoigiza. Ila chunga namba. Marekani walianza yao 1998 wakahesabu upya, so Now 50 ya Uingereza ni ya 2001 na Now 50 ya Marekani ni ya 2014, ngoma tofauti kabisa. Ya Uingereza kawaida ni CD mbili, kwa hivyo fungua kasha uone kama zote mbili zimo kabla hujatoa pesa, hii watu husahau sana.

Sasa ikague vizuri. Igeuze: orijino huwa na rangi ya fedha, ile iliyochomwa kwa kompyuta mara nyingi huvuta kijani, buluu ama zambarau. Halafu iinue juu kwa mwanga ukitazama upande wenye picha. Ukiona vitundu vya mwanga vinapenya, rudisha, hiyo haiponi, kwa sababu data inakaa chini tu ya hiyo picha na ikibanduka imeenda. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda nje si mbaya sana, mashine inajua kuiruka, lakini mkwaruzo unaozunguka kufuata duara ndio unafanya wimbo ukwame. Na mwambie muuzaji aicheze hapo hapo, akikataa kuna mwingine.

Ya pili ni kulipia mtandaoni. Spotify iko Kenya tangu 2021, Boomplay ndio hiyo iko kila mahali, na unaweza kupanga listi yako mwenyewe, E-Sir na Nameless hapa, Wahu pale, halafu za nje katikati. Shida yake ni bando ukiwa barabarani, kwa hivyo pakua mapema ukiwa kwa waifai. Na ukiona albamu ya hits imeandikwa Tribute ama Karaoke, pita tu, hao si wenyewe.

Ya tatu ni santuri, na hapa nakiri mapenzi. Kenyatta Market, kati ya wasusi na nyama choma, kuna santuri za zamani za kila aina, na kuzipekua tu ni raha. Kama unataka za kwetu zilizokusanywa vizuri, kuna Kenya Special ya lebo ya Soundway ya 2013, rekodi 32 za miaka ya 70 na 80, nyingi zilitoka kama singo ndogo ambazo leo kuzipata moja moja ni kazi ngumu. Lakini bila mashine nzuri na sindano nzima utaharibu santuri bure, na kwa gari haikusaidii, ndio maana iko ya tatu.

Ya mwisho ni flashi ya kujaziwa dukani. Ni rahisi na ni haraka, nakubali, lakini nyingi ni miksi za madijei, wimbo unakatwa kabla ya ubeti wa pili na mtu anapiga kelele juu yake, sauti nayo imebanwa hadi kbps 128 (kipimo cha ubora wa sauti, kikishuka sauti inaharibika) na ukiiongeza kwa spika kubwa inakwaruza. Na msanii hapati hata ndururu, hilo linaniuma kweli. Muziki unaouzwa kihalali hapa unafaa kuwa na kibandiko cha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kwa hivyo kitafute kwa kasha lolote la msanii wa Kenya. Kama nyimbo umezilipia na unataka tu kuzibeba kwa flashi, ziweke kwa kbps 320, flashi ya 16GB inabeba zaidi ya elfu moja, na ukiifomati kwa kompyuta chagua FAT32, si NTFS, juu radio nyingi za gari zikipewa NTFS zinasema tu hakuna kitu.