Kabla ya kununua gari lililotumika, kagua taa za mbele

Lalamiko moja limekuwa likijirudia katika barua za wasomaji: gari linanunuliwa yadi taa zake zikimeremeta, na kabla mwaka haujaisha zimegeuka njano, dereva haoni tena mashimo ya barabarani usiku. Sitazungumzia hapa ulaji wa mafuta wala ukubwa wa injini, mambo ambayo dalali yeyote atakueleza kabla hujamuuliza. Nimeyapanga magari kwa kigezo cha taa za mbele peke yake.

Kwa zaidi ya miaka 40, kuanzia magari ya 1940, Marekani iliruhusu taa za kioo zilizofungwa kabisa na zenye vipimo maalumu tu. Wabunifu walipoanza kutafuta maumbo yanayopasua upepo ili kuokoa mafuta, kioo kile kilichosimama wima usoni pa gari kikawa kikwazo kwao. Kanuni ikalegezwa mwaka 1983, na Lincoln Continental Mark VII ya 1984 ikawa ya kwanza nchini humo kuwa na taa zilizochongwa kufuata mkunjo wa bodi. Plastiki ya polikaboneti ilipendwa kwa sababu ni nyepesi, hukubali umbo lolote na haipasuki ovyo kwa kokoto, lakini jua huila. Kiwandani hupakwa utando mwembamba wa kuikinga, na utando huo ukishachakaa, plastiki hufubaa. Mwaka 2018 chama cha waendesha magari cha Marekani, AAA, kilipima taa za namna hiyo na kukuta zinatoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya.

Nafasi ya kwanza ninaipa Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile ya kabla ya sura kubadilishwa mwaka 2007, na sifichi kwamba naipendelea Toyota. Taa yake ni ya duara, ya kioo, ya inchi 7, kipimo kilichotumiwa na watengenezaji wengi duniani, kwa hiyo ikivunjika huhitaji kusubiri spea ya gari hilo peke yake. Land Rover Defender iliyotengenezwa hadi 2016 inatumia kipimo hicho hicho, nayo ni ya pili.

Ya tatu ni Mercedes-Benz W124. Kioo chake ni cha mstatili, kina mistari inayotawanya mwanga, na ukikiosha kinarudi kama kilivyokuwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu, hivyo magari haya matatu yatafute kwa wenye nayo nchini.

Vitz, IST na wenzao wa bei nafuu wote wana taa za plastiki. Chagua lile ambalo taa zake hazijaguswa.

Hapa ndipo wauzaji wanaponikera. Wanaikwangua taa kwa msasa, wanaipiga polishi, na kwa kufanya hivyo wanaondoa hata masalia ya ule utando wa kiwandani bila kupaka mwingine, kisha wanaongeza bei kwa sababu gari “linaonekana jipya”. Inama uitazame taa kwa pembeni, mwanga wa jua ukiipiga: ukiona mikwaruzo midogo ya mviringo katikati, na ukanda wa njano kwenye kona ya chini inayopakana na bampa, mahali ambapo msasa haufiki, basi imekwanguliwa. Tazama pia ndani, kwa maana bati la kuakisi mwanga likishaungua na kupoteza mng'ao hakuna polishi itakayolirudisha. Jina la Koito, Stanley au Ichikoh lililochapwa kwenye taa ni la mtengenezaji wa Kijapani. Taa moja ikiwa nalo na nyingine haina, uliza gari liligonga nini.

Magari mapya yenye taa za LED nimeyaweka mwisho. Mwanga wake ni mzuri sana, lakini katika mengi ya hayo hakuna balbu ya kubadilisha: kipande kimoja kikifa, unauziwa taa nzima, na bei ya taa hiyo muuzaji hakutajii siku ya kununua gari. Mwambie akuandikie bei ya taa ya kushoto na ya kulia kabla hujatoa malipo ya awali.