Jeli ya diklofenaki kwa goti la mzee: tyubu ndogo, kazi kubwa

Jeli ya diklofenaki (dawa ya kutuliza maumivu) ya asilimia 1 hulaumiwa sana kwamba haisaidii goti lililosagika. Mara nyingi kosa ni kipimo. Goti moja linataka gramu 4 kwa kila mpako, hadi mara 4 kwa siku. Kiganja, gramu 2. Tyubu ya gramu 20 basi inatosha mipako mitano tu ya goti. Mzee anayepaka tone la ncha ya kidole bado hajaijaribu dawa.

Voltaren ya Marekani, chapa ya jeli hii ambayo tangu 2020 huuzwa huko bila cheti cha daktari, ina kadi ya kupimia: unakamua jeli kufuata mstari. Tyubu nyingi nyingine hazina kadi, na huo ni upungufu mkubwa. Ikiwa yako ni ya gramu 20, chora alama nne kwa kalamu upate sehemu tano, zile za karibu na mkunjo wa chini ziwe ndefu zaidi kwa kuwa hapo tyubu ni bapa.

Paka goti lote, siyo juu ya pia ya goti peke yake. Subiri dakika 10 kabla ya kuvaa, saa 1 kabla ya kuoga. Usifunge bandeji wala kukanda kwa maji ya moto juu yake. Dawa itaingia mwilini kupita kiasi.

Sifa yake kubwa ni hii: kinachofika kwenye damu ni kama asilimia 6 ya kile cha vidonge. Kwa tumbo na figo za mzee, hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini ukimpa na vidonge vya diklofenaki, nafuu hiyo imepotea. Mwenye figo mbovu, vidonda vya tumbo au anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) aanzie kwa daktari. Soma pia viambato kwenye tyubu: jeli nyingi zimechanganywa na methili salisileti, inayozidisha nguvu ya warfarin.

Kabla ya kuanza, pima maumivu. Ukimuuliza mzee akiwa amekaa atajibu "ni uzee tu". Muulize anapoinuka kitini, anapochuchumaa chooni, anaposujudu: maumivu ni ngapi, 0 hadi 10? Andika, kisha rudia siku ya 7 na ya 21. Namba isiposhuka kufikia siku ya 21, acha, arudi kliniki.

Kwa nyonga usiinunue, kiungo kiko ndani mno. Miguu inayowaka moto kwa sababu ya kisukari ni maumivu ya neva; nayo yana dawa zake.