Moteri imechoka: utengeneze ao ununue ingine? Anzia ku radiateri

Wiki hii mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia: RAV4 yake iliunguza moteri, akanunua ya okazio, bakaifunga, na kisha miezi kidogo nayo ikachemuka kwenye mupando wa Ngomo, ikakufa. Siye wa kwanza. Batu bananiuliza "dada, nitengeneze ao ninunue ingine?", mekanisiye anabaongelea kulasi (kichwa cha moteri, chenye kinafunika silinda), segma (mapete ya pistoni), pistoni, lakini hakuna mwenye anauliza ni nini ilichemusha ile ya kwanza.

Ni bushoni ya radiateri, mara mingi. Ndiyo, kale kafuniko kenye hakuna mutu anaangalia. Bukavu iko karibu metre 1500 juu ya bahari, na ku ule urefu maji ya wazi inachemuka ku digri 95 hivi, haifike 100. Termostati, kale kamulango kenye kanaachilia maji ipite ku radiateri moteri ikipata moto, ku Toyota mingi inaanza kufunguka ku 82. Ona vile nafasi iko kidogo! Yenye inatuokoa ni presha: bushoni yenye imeandikwa 0.9 (ni kipimo cha presha yenye inashika), kama ingali nzima, inazuia maji kuchemuka mpaka karibu digri 115. Kauchu yake ikikauka, presha inatoka, maji inapunguka polepole, na ku mupando moteri inachemuka, kulasi inapinda. Halafu batu banatosha termostati banasema huku kwetu haina kazi, banatia maji ya ziwa Kivu, na ile maji iko na chumvi-chumvi mingi yenye inaganda ndani ya mirija ya radiateri mpaka maji haipite tena. Sasa unaleta moteri ingine, unaifunga ku radiateri ile ile, na bushoni ile ile, unangojea nini? Hapo njo nakasirika kabisa, juu bushoni na termostati mupya ni makuta kidogo kabisa mbele ya bei ya moteri, na bado hakuna mwenye anakuambia.

Sasa tupange.

Ya kwanza kwangu ni kutengeneza yako, kama ni Toyota na bloki (mwili wa moteri, mwenye kuwa na silinda) ingali nzima. Sifiche, mimi ni mutu wa Toyota. Kode za moteri ni hizi: 3S-FE ya RAV4 za miaka ya 90, 5L ya mazutu ya Hilux na Hiace, 1HZ ya Land Cruiser, hizi mafundi banazijua hata mu giza na piyesi haikose. Kusudi ujue kama inafaa, bapime kompresio, ni kusema presha ya kila silinda. Usiogope kama namba iko chini kuliko ya kitabu, hapa kwetu hewa ni nyepesi, itasoma chini tu. Angalia tofauti: kwa moteri ya esanse, silinda moja ikiachana na zingine kwa zaidi ya kilo 1, kuna shida. Batie mafuta ya moteri kidogo mu ile silinda bapime tena. Ikipanda, ni segma. Ikibakia pale pale, ni valve ao jointi ya kulasi, na hiyo ni kazi ya yulu tu, usikubali bakubomolee moteri muzima. Na kulasi ipelekwe kupimwa kama imepinda ao imepasuka mbele ya kutia jointi mupya, hata fundi akisema ameangalia na macho.

Lakini si Toyota zote. 1ZZ-FE za kwanza, za mwisho wa miaka ya 90 na mwanzo wa 2000, zinakula mafuta juu matundu ya pistoni yenye kurudisha mafuta ni madogo, ukibadilisha segma bila pistoni itarudilia. 2AZ-FE nayo, nyuzi za bulo za kulasi zinang'okaka ndani ya bloki. Hizo ni heri ubadilishe.

Ya pili, okazio ya kode ile ile. Kode ingine inakuletea shida ya kalkulateri (kompyuta ya moteri), nyaya, na siku mingi garajini. Na D4 (1AZ-FSE), yenye inasukuma esanse moja kwa moja ndani ya silinda, mimi siitake, pompe yake ya presha haipendi esanse chafu, na esanse yetu tunaijua wote.

Bauzaji sasa! Moteri imeoshwa na presha, imepakwa rangi, "imetoka Dubai jana". Fungula kifuniko cha mafuta: ukiona kitu sawa kahawa ya maziwa, maji iliingia, rudi nyumbani. Omba kompresio mbele ya kulipa, atakuambia "tuaminiane". Omba garanti kwa maandishi, anakasirika. Bei hakuna fasi imeandikwa, ukifika na viatu bizuri inapanda. Na dola yako ikiwa na kapasuko kadogo pembeni anakurudishia, sawa vile wewe njo ulipasua, tena ni yeye mwenye anakupatia chenji na makaratasi ya zamani.

Ya tatu, kuuza gari vile iko. Fanya hivyo kama bloki imepasuka na chasi imekuliwa na kutu.

Dawa za mu kopo na mafuta mazito ya kuzuia moshi, hapana.

Kwa yule mama wa Kadutu: badilisha radiateri, bushoni ya 0.9 ao ile namba yenye iko ku ya asili, termostati, likidi ya kweli ya radiateri, kisha ndiyo utafute moteri ya tatu.