Msumeno wa kupogolea: upi ununue kwanza, wa mkono au wa mpini mrefu?

Watu wengi huchagua msumeno wa kupogolea kwa kutazama urefu na bei, ilhali kipimo kinachostahili kutangulia ni hali ya jeraha ambalo msumeno huo utaliacha mtini. Mti haurudishi uhai wa sehemu iliyokatwa. Huikinga kwa ndani na kuizungushia tishu mpya kutoka kwenye shingo ya tawi, yaani ule uvimbe unaoonekana pale tawi linapoungana na shina, mpaka mkato wote ufunikwe. Mkato uliopita ndani ya shingo hiyo, au ulioacha gome limechanika na kuning'inia, huchelewa kufunikwa na hukaribisha uozo. Msumeno mzuri, basi, ni ule unaoweza kupita penye nafasi finyu kati ya matawi, ukakata kwa mwendo unaoutawala wewe, na kuacha uso laini.

Sifa ya kwanza ninayoidai, na ambayo siko tayari kuiachia, ni meno yanayokata wakati wa kuvuta. Bapa linalovutwa hunyooka lenyewe kama kamba iliyokazwa, hivyo linaweza kufanywa jembamba. Linalosukumwa ndani ya mti mbichi hubanwa na kupinda, ndiyo maana hulazimika kuwa nene, na unene huo unalipiwa na bega la mkataji. Katika mabapa bora, kila jino limenolewa nyuso tatu, na meno hayakupindwa kushoto na kulia kama ya msumeno wa seremala. Badala yake bapa lenyewe hupungua unene kuelekea mgongoni, ili lisikwame katika njia ya mkato.

Idadi ya meno inahitaji uangalifu, kwa sababu viwanda havihesabu kwa namna moja. Baadhi huhesabu meno kwa inchi, ilhali viwanda vya Japani huhesabu kwa milimita 30, kwa hiyo bapa lililoandikwa meno 8 kwa kipimo cha Japani lina takriban meno 7 kwa inchi, na anayelinganisha tarakimu peke yake atapotoka. Mti mbichi hutoa unga wenye maji na utomvu, unaoziba nafasi baina ya meno madogo. Kwa kazi ya kawaida meno 6 hadi 8 kwa inchi yanatosha, na meno makubwa zaidi yafaa matawi mazito. Meno madogo zaidi yaachie matawi membamba na mti mkavu. Kuhusu urefu, bapa liwe angalau mara mbili ya unene wa tawi, la sivyo mwendo wa mkono utakuwa mfupi na unga hautatoka.

Nafasi ya kwanza naupa msumeno wa kukunja wenye bapa la sentimita 16 hadi 24. Hukata karibu kila tawi ambalo mkasi wa kupogolea umeshindwa kulikata, hubebwa mfukoni, na ncha yake nyembamba huingia penye panda ambapo hakuna msumeno mwingine unaofika. Felco 600, wenye bapa la sentimita 16, ni mfano mzuri wa umbo hili. Kabla ya kulipa, ufungue, ufunge kitasa chake, kisha ujaribu kulitikisa bapa kwa pembeni: likicheza hata kidogo, urudishe, kwa maana kitasa kinacholegea kitalifunga bapa juu ya vidole vyako siku utakapokuwa unakata kwa nguvu.

Nafasi ya pili ni ya msumeno usiokunjwa, wenye bapa lililopinda la sentimita 30 hadi 33, unaovaliwa kiunoni ndani ya ala; Silky Zubat ni wa aina hii. Mpindo huyafanya meno yaume tawi bila kukandamizwa, jambo linalosaidia sana unapokata juu ya bega. Kwa tawi lililo mbele ya kifua napendelea bapa lililonyooka, kwa kuwa hutawalika vizuri zaidi karibu na shingo ya tawi. Anayetunza miti mingi mikubwa anaweza kuugeuza mpangilio wangu na kuanza na huu.

Msumeno wa mpini mrefu nauweka nafasi ya tatu, si kwa sababu haufai, bali kwa sababu hununuliwa kwa haraka na wengi wanaoamini kwamba urefu ndio ubora. Wa kwanza nilioununua mimi ulikuwa na mpini mwembamba wa duara uliorefushwa kupita kiasi. Ncha iliyumba kila nilipovuta, na mikato niliyoiacha ilikuwa mibaya hata nikaona uchungu kuitazama. Chagua mpini wenye umbo la yai, kwa sababu hupinda kidogo zaidi na mikono hutambua bapa limeelekea wapi bila macho kuhakikisha. Nunua urefu unaotosha kulifikia tawi ukiwa umesimama kando, wala si chini yake, kisha ukomee hapo.

Bapa la msumeno huu ndilo linalostahili fedha zako. Liwe limepinda vizuri, maana juu kule huwezi kulikandamiza, na uzito wake pamoja na mvuto wa mikono ndio utakaofanya kazi. Liwe na kulabu nchani, ili lisichopoke kwenye tawi mwisho wa mvuto na liweze kuyavuta matawi yaliyonasa. Mabapa mazuri yana pia kisu kidogo kilichopinda karibu na mahali bapa linapoungana na mpini, cha kukatia gome upande wa chini kabla ya kuanza juu. Bila mkato huo, tawi huanguka likiburuta ukanda wa gome hadi kwenye shina. Tawi zito likatwe kwanza mbali kidogo na shina, kigutu kikatwe baadaye.

Alumini ni nyepesi na imara, lakini hupitisha umeme, na mpini wa faibaglasi nao hauna usalama wa kutegemewa ukiwa na maji au uchafu. Usikate wala usiinue mpini wa aina yoyote ukiwa ndani ya mita 3 za nyaya za umeme. Kazi hiyo ni ya mafundi wenye idhini. Kofia ngumu na miwani vihesabiwe ndani ya bei ya msumeno.

Msumeno wa fremu ya upinde unafuata kwa mbali. Hukata haraka magogo yaliyokwisha kuanguka, lakini fremu yake hugota kwenye matawi ya jirani. Ukiununua, chukua bapa la mti mbichi, lenye meno ya kukokota unga kati ya meno ya kukatia. Msumeno wa seremala usiutumie kabisa, kwani hukwama katika mti mbichi.

Mwisho, tazama ncha za meno. Zikiwa na rangi ya bluu au nyeusi, zimekazwa kwa joto la ghafla: zitakaa na makali kwa muda mrefu, lakini tupa haitazinoa, na siku zitakapokuwa butu utabadilisha bapa zima. Kwa hiyo hakikisha bapa hutolewa kwa bolti na kwamba la akiba linapatikana kwa muuzaji huyo huyo, kisha linunue siku hiyo hiyo, kwa kuwa matundu ya bolti ya kiwanda kimoja mara nyingi hayalingani na ya kingine.