Msongo wa mawazo wa jioni: upumue kitini au ushuke utembee?

Saa kumi na moja jioni daladala imeganda Ubungo, simu ya bosi inaita, moyo unadunda. Mwili umeshamwaga adrenalini, homoni ya kuuandaa kukimbia au kupigana, kana kwamba unakimbizwa na simba, kumbe umebanwa tu kati ya ndoo na begi la mtu.

Kupumua hakuhitaji nafasi wala nauli. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mwendo wa moyo. Kasoro yake ni kwamba ukifika nyumbani, kodi bado imekaa kichwani.

Kutembea kunafika mbali zaidi. Misuli inaitumia ile nguvu iliyoandaliwa kwa kukimbia, na usiku usingizi unakuja bila kubembelezwa. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Vituo viwili kila jioni vinakusogeza. Ila vumbi, na hao bodaboda wanaopita njia ya waenda kwa miguu!

Mimi napumua garini, kisha nashuka mapema. Kama tatizo lako ni usingizi, tembea.