Miezi sita Naperville, kwa macho ya mpima viwanja

Wazee wenzangu wa Dodoma wenye watoto Marekani, haya nawaandikia ninyi. Simu ikiingia, "Baba, njoo ukae na wajukuu," ni vizuri ujue unakwenda kukaa mahali pa namna gani. Mimi nilikwenda Naperville, jimbo la Illinois, kama kilomita 45 magharibi mwa Chicago. Nilifika Februari, nikaondoka mwisho wa Julai. Binti yangu na mkwe wangu wanaishi kwenye mtaa wa watu wenye uwezo hasa. Nimepima viwanja hapa Dodoma kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo macho yangu hutangulia kuangalia ardhi.

Na ardhi yao imenifurahisha. Nyumba ya ghorofa, gereji ya magari mawili, nyasi mbele na nyuma, na ukuta hakuna. Hata michongoma hakuna. Bikoni zao, yaani alama za mipaka, ni vyuma vilivyofukiwa pembeni mwa kiwanja, huvioni. Mwezi wa tano ndipo nilipoanza kuona mipaka kwa macho: jirani wa kulia amekata nyasi jana, sisi bado, na pale urefu wa nyasi unapobadilika ndipo kiwanja kinapoishia, mstari umenyooka kama umevutwa kwa kamba.

Kitu kingine ni mabwawa. Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na bwawa la wote, maji ya mapaa na ya barabara yanaingia humo, yanatulia, kisha yanatoka kidogo kidogo kwenda mtoni. Bata bukini wamejaa. Hakuna aliyemega hata mita moja ya ukingo wake. Mimi hapa nimewahi kupanda bikoni pembeni ya korongo, eneo la wazi kabisa kwenye ramani, nikarudi mwaka uliofuata nikakuta bikoni zimeng'olewa na msingi wa nyumba umeshapanda. Mvua zetu ni chache, lakini zikija zinakuja kwa nguvu, na korongo halisahau njia yake. Jambo hilo liliniuma wakati ule, na pale bwawani liliniuma upya.

Katikati ya mji unapita mto DuPage, na kando yake kuna njia ya matofali wanayoiita Riverwalk. Waliijenga mwaka 1981 mji ulipotimiza miaka 150. Madaraja ya mbao yenye paa, mabenchi, miti mikubwa, na mbele kidogo machimbo ya mawe ya zamani yamegeuzwa bwawa la kuogelea. Kuingia Riverwalk ni bure. Jumapili za Juni nilikaa pale mpaka jua linazama, na linazama saa mbili na nusu usiku.

Lakini ukiniuliza kitu kimoja cha kuonea wivu, ni maktaba. Mji una tatu. Mjukuu wangu ana miaka sita na ana kadi yake mwenyewe. Anabeba vitabu kifuani mpaka kidevu kinavishikilia, anavibwaga kwenye mashine, inavisoma vyote, inamtolea karatasi yenye tarehe ya kurudisha, anaikunja anatia mfukoni kama mtu mzima. Mimi nilikuwa nakaa ile ya katikati ya mji, inaitwa Nichols, nasoma magazeti kwenye joto wakati nje kumeganda. Hakuna aliyekuja kuniuliza nimefuata nini.

Sasa gharama. Mwezi wa tano ilikuja bili ya kodi ya nyumba, nusu inalipwa Juni na nusu Septemba. Ilizidi dola 10,000 kwa mwaka. Niliishika ile karatasi nikaisoma mstari kwa mstari: shule, bustani, kaunti, chuo, kila mmoja na fungu lake, na fungu kubwa kuliko yote ni la shule. Sisi kwa nyumba ya kawaida tunakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kwenye umeme wa LUKU, yaani 18,000 kwa mwaka. Kwa hiyo ukiona mwanao anarudi kazini amechoka na hana raha, usidhani anaringa. Ile nyumba inamla hata akimaliza mkopo.

Kinachowatesa wazee ni upweke. Sheria yao ya matumizi ya ardhi inatenga: hapa makazi tu, maduka kule. Nilihesabu hatua kutoka mlangoni hadi duka la karibu, ikawa kama kilomita tatu. Nyumbani kwangu, mtaa wa Kisasa hapa Dodoma, genge liko mita arobaini kutoka getini, nikienda kununua nyanya nimeshasalimiana na watu kumi. Kule barabara safi, njia za miguu nzuri, na mtu haonekani. Wiki ya kwanza nilikutana na mama mmoja na mbwa wake. Huna gari, huna pa kwenda. Binti akitoka asubuhi na watoto wakienda shule, unabaki na mashine ya kupasha nyumba joto inayonguruma. Nikitaka kumpigia mama watoto Dodoma lazima nihesabu masaa, maana Februari tunapishana tisa.

Watu wenyewe siyo wabaya. Theluji iliposhuka usiku kucha, niliamka alfajiri nikakuta jirani, mzee wa rika langu, anamalizia kusafisha njia yetu kwa mashine yake. Alinipungia mkono akaingia ndani. Baadaye nilimpelekea chapati, tukakaa jikoni kwake saa nzima. Kumbe mke wake alishafariki, na hakuwa amepata mgeni muda mrefu.

Chakula msihofu. Wahindi ni wengi pale na maduka yao yana unga wa uwele, wao wanauita bajra. Nilisonga ugali kwa bamia za kuvuruga, mkwe wangu Mchaga akaomba aongezewe.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Nenda Mei, siyo Februari. Beba koti, lakini viatu vya theluji nunua kulekule. Jumanne ya kwanza ya mwezi saa nne asubuhi king'ora kitalia mji mzima. Wanajaribu tu king'ora cha kimbunga, usikimbie. Na kama mwanao bado anatafuta nyumba, mshauri aangalie karibu na stesheni ya treni, hata kiwanja kikiwa kidogo. Pale unafika kwa miguu maktaba, mtoni na dukani, na treni inakupeleka Chicago bila kumsubiri mtu mwenye gari. Wangu alishanunua. Ameniahidi tu kwamba nikirudi, kila asubuhi akienda kazini atanishusha maktaba.