Uzoefu wangu na pampu ya vakyumu ya hatua mbili: ilivyonisumbua na nilivyoifufua

Natengeneza friji na friza nyumbani Uyole, Mbeya, kwenye banda lililo nyuma ya jiko. Pampu hii niliinunua Kariakoo kwa laki tatu na nusu, ikapandishwa basi, nikaipokea stendi ya Nane Nane. Kazi yake ni kunyonya hewa na unyevu kwenye mfumo wa friji kabla ya kujaza gesi. Ni ya hatua mbili, yaani ina rota mbili zinazopokezana hewa, ya oili, na kila rota inazunguka na vibao vyembamba viitwavyo veni vinavyokwangua hewa na kuisukuma nje. Nimekaa nayo mwaka na miezi kadhaa, kwa hiyo ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu.

Siku ya kwanza tu niliamini nimeuziwa mbovu. Niliifunga kwenye friji tupu, nikaiwasha, sindano ya geji ya presha ikashuka ikasimama kwenye inchi 24 na ushee. Saa nzima ikabaki palepale, na kwenye video zote nilizoziangalia sindano inagusa karibu 30. Nikampigia muuzaji, akaniambia, "Fundi, hiyo imekufa, lete tena hela nikuchagulie nyingine." Niliumia, maana hela yenyewe niliikusanya miezi mitano.

Kabla ya kuirudisha nilimpelekea mzee mmoja aliyefanya kazi ya majokofu Dar miaka mingi. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba, akaisikiliza pampu inavyounguruma bila hata kuangalia geji. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa tuko usawa wa bahari?" Kumbe geji hizi zinapima tofauti kati ya ndani na hewa ya nje. Pwani hewa inasukuma kwa inchi 30 za zebaki. Mbeya tuko kwenye mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, inasukuma kwa inchi 24 na nusu tu. Hata ukiondoa hewa yote iliyomo ndani, sindano haiwezi kupita hapo. Pampu ilikuwa nzima. Nawaambia mafundi wa Mbeya, Njombe na Iringa: msirudishe pampu kwa sababu ya sindano.

Tatizo la kweli lilikuja miezi minane baadaye, na sindano ileile haikuniambia kitu. Friji ya mteja, gesi R134a, draya (kichujio cha kunyonya unyevu) mpya, inagandisha vizuri nusu saa halafu ubaridi unakata. Ukiizima ikapata joto, inarudi tena kama hakuna lililotokea. Hiyo ni dalili ya maji yaliyobaki kwenye mfumo: yanaganda kwenye mdomo wa kapilari, ule mrija mwembamba wa gesi, njia inaziba, barafu ikiyeyuka gesi inapita. Nikavakyumu upya, ikarudia. Mara ya tatu nikaanza kuitazama pampu kwa jicho jingine.

Niliazima geji ya mikroni, kipimo kidogo sana cha presha (mikroni elfu moja ni milimita moja ya zebaki). Hii inapima kilichobaki ndani, si tofauti na nje. Hewa ya usawa wa bahari ni mikroni 760,000, na friji au AC inatakiwa ishushwe hadi 500 au chini yake. Kutoka mikroni 10,000 mpaka 500, sindano ya geji ya kawaida haisogei hata nusu inchi, jicho halioni. Lakini kwenye nyuzi 10 za asubuhi zetu, maji hayachemki mpaka ufike kama mikroni 9,000. Yaani sindano inakuonyesha umemaliza kazi, na maji yametulia ndani kama yalivyokuwa.

Geji ikanipa 9,000 na kugoma hapo. Nikaondoa mipira na manifoldi yote (kile kipande chenye geji na valvu), nikaifunga geji moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu. Ikashuka hadi 4,200, ikagoma tena. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa sehemu mbili. Mipira ilikuwa inavuja kwenye oringi, zile pete za mpira, zilizokauka ndani ya nati, hizo nilibadilisha kwa elfu chache. Lakini pampu nzima ya hatua mbili ikizibwa mdomo inapaswa kushuka chini sana ya 500 yenyewe. Hii ya kwangu ilikuwa inaumwa.

Nikaangalia kioo cha oili. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mvuke wa maji ukibanwa ndani ya pampu unageuka maji na kuchanganyika na oili, na oili yenye maji nayo inatoa mvuke, kwa hiyo pampu inajivutia mvuke wake yenyewe. Niliimwaga ikiwa ya moto, nikaweka mpya, nikawasha dakika kumi, nikamwaga tena, nikaweka nyingine. Tumieni oili ya pampu ya vakyumu, msiweke ya injini. Ile chupa ndogo iliyokuja na pampu siipendekezi kabisa, ilikuwa nyepesi na yenye harufu ya kuungua. Kisha nikalegeza valvu ya balasti, kile kifuniko kidogo pembeni, nikaiacha nusu saa. Inaingiza hewa kidogo wakati wa kubana, mvuke unatoka nje kabla haujawa maji. Tangu ninunue pampu sikuwahi kukigusa kifuniko hicho, na ndiyo sababu oili ilifikia hapo. Nilipokifunga, geji ikasoma 1,100.

Bado. Na kulikuwa na mlio mdogo, tak tak, ambao siku za mwanzo haukuwepo.

Nikaifungua. Boliti sita za mfuniko wa oili, halafu sahani ya mbele ya pampu yenyewe. Kila kitu nilikiwekea alama kwa kalamu kabla ya kukitoa, kwa sababu veni lazima irudi upande uleule iliotoka. Rota ya kwanza ilikuwa safi, veni zinaruka nje kwa springi ukizibonyeza. Ya pili, veni moja niliisukuma kwa kidole ikaingia kwenye mfereji wake, na haikurudi. Utando wa kahawia, unaonata kama sukari guru, ulikuwa umeigundisha. Hatua nzima ya pili ilikuwa inafanya kazi kwa veni moja. Niliziosha kwa mafuta ya taa na mswaki laini, nikazipangusa, nikazipaka oili safi ya pampu. Msasa sikuugusa, maana ukikwaruza hapo umeua pampu kweli. Nilipofunga na kuwasha, mlio umeisha. Geji ikateremka taratibu, 900, 400, ikatulia 160. Nilikaa kwenye kigoda nikiitazama ile namba muda mrefu, nafsi imetulia.

Friji ya mteja niliivakyumu hadi 450, nikafunga valvu, nikasubiri. Ikapanda hadi 600 na kusimama. Ingepanda elfu kadhaa kisha ikasimama, bado kuna maji. Ingepanda bila kukoma, kuna tundu. Inagandisha hadi leo.

Jambo jingine: Juni na Julai asubuhi mota inaguna bila kuzunguka. Oili ni nzito kwa baridi, na umeme ukiwa mdogo ndiyo kabisa. Fungua mdomo wa kunyonya iingie hewa, washa sekunde kadhaa mpaka ishike kasi, kisha funga. Ikigoma hata hivyo, angalia kapasita, ile inayoisaidia mota kuanza kuzunguka.

Kwa bei hii, ningeinunua tena. Chuma chake ni kizuri, rota haina mkwaruzo, na inafunguka kwa funguo za kawaida. Ninachokilalamikia ni ile oili, mipira dhaifu, na karatasi ya maelekezo isiyosema lolote kuhusu balasti. Sasa naibadilisha oili kila baada ya kazi tano, na friji iliyoloa maji nikiimaliza, oili naimwaga jioni hiyohiyo. Kwenye gasketi ya kioo panatoka unyevu kidogo wa oili, naufuta kwa kitambaa huku nikisubiri gasketi kutoka Dar.